Zawadi za mkono za safari ya likizo: majibu kwa wasomaji

Likizo ya Agosti ikikaribia, maswali hunijia kwa wingi kutoka kwa watu wanaokwenda kwa jamaa na hawataki kufika mikono mitupu, wala kununua kitu cha dukani ambacho kila mtu anacho. Wiki hii nimeyajibu machache.

Shikamoo shangazi. Tunakwenda Lamu na watoto kwa bibi yao. Nina cherehani na nataka kumshonea kitu cha leso. Nimshonee nini? Mama wa watatu, Majengo

Marahaba mwanangu. Mshonee foronya za mito. Mikeka na kofia usipeleke Lamu, huko ndiko zinakoshonwa, tena kwa mikono iliyokuzidi. Foronya ataziweka kwenye mito anayoiegemea kila siku na kila mgeni atakayeingia ataziona.

Ukifika Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, soma jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujaitazama rangi. Yako majina ya dua na ya shukrani kwa mzazi, na yako ya vijembe vya wake wenza. Bibi atalisoma kabla hajakwambia ahsante. Ukishanunua, iloweke usiku kucha itoe wanga na rangi iliyozidi, ianike, ipige pasi, ndipo ushike mkasi. Pamba hurudi ikifuliwa, na foronya iliyokatwa kwenye leso mpya huja kuubana mto baada ya kufuliwa mara moja.

Sasa kukata. Leso ina pindo pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji. Wengi hukunja leso mara mbili na kukata, jina likabaki nusu huku nusu kule. Mimi naona huko ni kuiharibu leso. Itandaze sakafuni, weka mto juu ya jina, uone kama maneno yote yanaingia na nafasi ya mshono inabaki. Yasipoingia, shona mto mrefu wa kuegemea, usiyakate. Doti ina leso mbili, kwa hiyo utapata jozi inayofanana, na vipande vya mji vitakavyobaki vinatosha vitambaa vya watoto.

Shangazi, nataka kumpelekea wifi yangu huko huko Lamu vikuba (vishada vidogo) vya asumini. Vitafika? Kutoka Kisauni

Havitafika vikiwa vizima. Asumini huchumwa jioni ingali imefumba, hufunguka usiku, na kesho yake mchana imeshanyauka. Wewe uko ndani ya basi mpaka Mokowe, kisha kuna mashua. Mfungie udi na marashi, halafu mkafunge vikuba pamoja ukishafika, kwa maua ya huko. Wifi atafurahia zaidi kukaa nawe jioni mkitunga maua.

Assalamu alaykum. Dada yangu yuko London na nakwenda kumtembelea Julai, kiangazi chao. Anatamani vitu vya nyumbani: achari, mabuyu, maembe. Nibebe vipi? Ndugu yake, Mji wa Kale

Waalaykum salaam. Maembe mabichi yaache. Nyama na vitu vya maziwa pia usibebe. Achari na mabuyu ndiyo zawadi yako, na vyote viwili utavitengeneza mwenyewe.

Achari anza mapema. Kata maembe machanga, yatie chumvi, yaanike juani mpaka yanywee, ndipo uyapike kwa siki, sukari, thomu, tangawizi na pilipili. Chupa za kioo zichemshe na uzikaushe kabisa, kwa sababu tone la maji ndilo linaloleta ukungu. Jaza, funga, kisha zungushia kila chupa nguo zako katikati ya sanduku linaloingia chini ya ndege. Mkononi hutaruhusiwa nayo, mwisho ni mililita 100.

Mabuyu ni kazi ya asubuhi moja. Kwa nusu kilo ya ubuyu, chemsha vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji mpaka iwe shira nzito inayonata kwenye mwiko. Tia rangi, iliki iliyosagwa, pilipili ya unga na chumvi kidogo. Mimina ubuyu, punguza moto, na usiache kukoroga. Mwanzoni yataganda yote pamoja na utadhani yameharibika. Endelea. Shira ikikauka yataachana moja moja na utayasikia yakigongana ndani ya sufuria. Hapo epua, yatandaze kwenye sinia, na yasifungwe mpaka yapoe kabisa, maana mvuke ukibaki ndani yatarudi kushikana. Pilipili kadiria kwa mdomo wa dada yako, si kwa wako.

Nataka kumshonea baba mkwe kofia ya viua kabla ya mwezi ujao. Sijawahi kushona. Inawezekana? Bwana harusi, Likoni

Haiwezekani. Kofia ya mkono huchukua miezi hata kwa mwenye kuijua kazi. Nunua kikoi kizuri ambacho nyuzi za ncha hazijafungwa, umfungie matamvua mwenyewe: gawa nyuzi sawasawa, sokota, piga fundo, shuka mpaka mwisho. Jioni chache zinatosha. Kofia ianze sasa, umpelekee mwakani.

Watoto wangu wameokota makombe na matumbawe ufukweni Nyali, wanataka kuwatengenezea binamu zao mikufu. Je, ni sawa? Kutoka Kongowea

Waambie wayarudishe, na uwaeleze kwa upole. Sehemu kubwa ya bahari hiyo ni hifadhi tangu 1986 na ndani yake hairuhusiwi kuokota makombe wala matumbawe. Makombe yaliyo matupu pia huwa nyumba za kaa wadogo. Vitu vya gamba la kasa navyo ni marufuku, hata ukiuziwa.

Wape vifuu vya nazi. Kata vipande kwa msumeno wa chuma (hiyo kazi ni ya mtu mzima), watoto wavisugue kwa msasa mpaka nyuzi zote zitoke, kisha wavipake mafuta ya nazi. Utaona rangi ya kahawia inavyong'aa. Toboa tundu, pitisha uzi, mkufu tayari.

Shangazi, mwaka jana nilimsukia shemeji mkoba wa ukili, ule wa miyaa iliyosukwa. Nimesikia haujabebwa hata siku moja. Nimeumia. Safari hii nimpe nini? Msusi, Changamwe

Pole sana mwanangu, najua ukili unavyokata vidole. Lakini shemeji yako huenda hubeba vitu vizito, au mkoba haulingani na mavazi yake ya kazini. Usimuulize kuhusu mkoba. Mpigie ndugu yako, umuulize nyumbani kwao kumepungua nini. Ukisikia chakula hufunikwa kwa sahani, msukie kawa, na upime sinia lao kwanza. Ukisikia wanakaa chini jioni, mshonee mkeka mdogo wa baraza. Usuke kwa rangi anazovaa yeye, hata kama wewe huzipendi.