Jibu: Kwa nini wenzangu hawamalizi riwaya?

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini wenzako katika kikundi cha kusoma hugombania vitabu vya biashara na wasifu wa viongozi, ilhali riwaya hurudishwa kabla ya sura ya tatu. Waulize kwanza walisoma riwaya mara ya mwisho wakiwa wapi. Katika kikundi chetu karibu wote walijibu kuwa ni shuleni, wakikariri dhamira, wahusika na tamathali za usemi kwa ajili ya mtihani; kwao riwaya imebaki kuwa somo, na kitabu cha biashara ndicho kinachowapa jambo la kutumia kesho dukani. Sababu hiyo ina uzito, haifai kubezwa.

Kilichotusaidia ni kuanza na riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, kwa kuwa imejengwa juu ya mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, hivyo msomaji anayetafuta ukweli hupata pa kushika. Tuliisoma kwa sauti, sura moja kila kikao, bila kuulizana dhamira, na mjadala ukahamia wenyewe kwenye ujira na hatari za kazi ile. Wapo waliorudi kwenye wasifu. Nao waacheni wasome.