Ngome ya Amaiur ilibomolewa na nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Wabaski, watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, wana kijiji kidogo kiitwacho Amaiur, ambacho hukitaja kwa majonzi kwa sababu ya ngome iliyobomolewa huko. Ilibomolewa na nani? Na je, ni kweli kwamba vita vile vilikuwa vya Wabaski dhidi ya Wahispania?

Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, Amaiur, ambayo kwa Kihispania huitwa Maya, imo katika bonde la Baztan, kaskazini mwa Navarra, ambayo leo ni jimbo la Hispania. Nyumba zake, zenye kuta za chokaa nyeupe na mawe mekundu kwenye pembe na kandokando ya madirisha, zimejipanga kufuata mtaa mmoja mkuu. Kwenye kilima kilicho juu yake ilisimama ngome iliyolinda njia itokayo Bayonne kwenda Pamplona. Aliyeishika ngome hiyo aliushika mlango wa ufalme, na hilo ndilo lililoiponza.

Navarra ilikuwa ufalme unaojitawala hadi mwaka 1512, ilipotekwa na majeshi ya Ferdinand Mkatoliki, mfalme wa Aragon aliyetawala pia Kastilia, ufalme mkuu wa Hispania. Mwaka 1521 wafuasi wa mfalme wake, Henri wa Albret, wakisaidiwa na Wafaransa, walijaribu kuirudisha. Walishindwa vibaya huko Noáin tarehe 30 Juni, lakini miezi michache baadaye waliitwaa Amaiur, na walinzi wapatao 200 wakabaki humo chini ya Jaime Vélaz de Medrano. Julai 1522 makamu wa mfalme wa Hispania aliwazingira kwa maelfu ya askari na mizinga, nao, baada ya kustahimili mashambulizi kwa siku kadhaa, walijisalimisha tarehe 19. Jaime na mwanawe Luis walifia kifungoni Pamplona majuma machache tu baadaye, na wengi hadi leo huamini kwamba walilishwa sumu. Ngome ilibomolewa na washindi hao, ili asipatikane tena mtu wa kujificha ndani yake.

Kuhusu swali lako la pili, nakusihi usilikubali jibu jepesi. Wanavarra wenyewe walikuwa wamegawanyika kwa miaka mingi katika kambi mbili, ya Agramont na ya Beaumont, na watu wa Beaumont walikuwa upande wa Kastilia. Ignatius wa Loyola, Mbaski wa Gipuzkoa, alivunjwa mguu kwa mzinga Mei 1521 akiitetea Pamplona kwa niaba ya Kastilia, ilhali Miguel de Jasso, kaka yake Francis Xavier, alikuwa miongoni mwa walinzi wa Amaiur. Francis Xavier huyo, mdogo wake Miguel, na Ignatius walikuja kukutana Paris wakiwa wanafunzi, wakawa marafiki, na mwaka 1534 wakaweka nadhiri pamoja na wenzao, chanzo cha shirika la Wajesuti. Kwangu mimi, hakuna kinachoeleza uchungu wa vita vile kuliko jambo hilo.

Mwaka 1922, miaka 400 baada ya ngome kuzingirwa, mnara wa kumbukumbu ulijengwa juu ya kilima. Mwaka 1931 ulilipuliwa kwa baruti, kisha ukajengwa upya mwaka 1982. Tangu mwaka 2006 wanaakiolojia wa jumuiya ya Aranzadi, wakisaidiwa na watu wa kujitolea, wamekuwa wakiufukua udongo kidogo kidogo, na anayepanda kilimani leo huweza kuziona kuta za ngome zilizokuwa zimefunikwa na majani kwa karne kadhaa.