Shangazi wa Bustani: Portulaka zimegoma kuchanua

Mwezi huu barua karibu zote ni za portulaka. Sishangai. Masika yamekwisha, wauza miche wamezipanga kando ya barabara zikiwa zimechanua kila rangi, na mtu akishuka kwenye daladala na chenji mkononi hapiti hivi hivi. Mimi mwenyewe nilikwenda kununua mbolea ya mchicha nikarudi na viriba vinne.

*Shikamoo Shangazi. Mwezi wa tano nilinunua viriba sita vya portulaka, vyote vina maua: mekundu, ya njano na ya waridi. Nikavipanga barazani karibu na mlango ili wageni wavione. Namwagilia asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja. Sasa zimerefuka kama kamba, ua hata moja hakuna, na mbili zimelainika shinani, ukigusa zinatoa maji. Nimeongeza samadi lakini wapi. Nimekosea nini? — Mama wa Mbagala*

Marahaba mwanangu. Umekosea mara tatu, na mara zote ni kwa mapenzi.

La kwanza ni baraza. Portulaka ni mmea wa jua kali, si jua la kuchungulia. Isipopata angalau saa sita za jua la moja kwa moja hurefuka kulitafuta, na hizo kamba unazoziona ndiyo safari yenyewe. Asili yake ni Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazil, kwenye nyanda za mchanga na mawe. Mwaka 1829 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, William Hooker, aliiandika kwa jina la Portulaca grandiflora, maana yake portulaka ya maua makubwa. Alipoiita hivyo hakuwa akifikiria baraza lenye bati.

La pili ni maji. Chukua jani moja, lile jembamba la mviringo kama sindano nene, ulifinye. Hayo maji yaliyotoka ndiyo akiba yake. Ukame ukizidi, portulaka huweza hata kubadili namna ya kufanya kazi: majani huvuta hewa na usiku pia, wakati jua haliwezi kuyanyang'anya maji. Mmea uliojiandaa hivyo ukiupa maji mara mbili kwa siku, mizizi inakosa hewa na shina linaoza kuanzia chini. Hizo mbili zilizolainika zing'oe leo pamoja na udongo wake, usizionee huruma.

La tatu ni samadi. Hapa sina haki ya kukusema. Mwaka wa kwanza nilipohamia Kimara nilipata samadi mbichi ya ng'ombe kwa jirani, bure, nikajaza beseni zima nikapanda humo portulaka. Majani yalinenepa kama vidole vya mtoto mchanga. Nilipiga picha, nikawatumia ndugu zangu Tanga. Maua niliyoyapata msimu ule wote yalikuwa manne. Udongo ukiwa na shibe nyingi, mmea huu unajenga mwili na kusahau maua.

Sasa, zile nne zilizobaki hazijafa, na kutoka kwao utapata hata ishirini. Kata ncha zenye afya, urefu wa kidole chako cha kati. Ondoa majani ya nusu ya chini. Ziache kivulini hadi kesho yake ili kidonda kikauke. Wengi hawafanyi hivi, kisha wanashangaa vipandikizi kuoza. Changanya mchanga makopo mawili, udongo wa kawaida kopo moja, na mboji iliyoiva ukonzi mmoja tu. Mchanga uwe wa mtoni, wa baharini una chumvi. Chombo chochote kinafaa. Mimi natumia ndoo za rangi zilizokatwa nusu, lakini kiwe na matundu chini, matano au sita, na usikiweke juu ya sahani inayotuamisha maji.

Chomeka vipandikizi, nafasi kama kiganja, nyunyiza maji mara moja, kisha acha. Siku tatu nne za mwanzo viweke penye kivuli chepesi, halafu visogeze juani taratibu. Baada ya wiki moja au mbili vuta kimoja kidogo sana. Kikikataa kutoka, kimeshika. Kuanzia hapo unamwagilia pale tu utakapoingiza kidole hadi kwenye pingili ya kwanza ukakuta pakavu. Kwa Dar wakati wa kipupwe hiyo inaweza kuwa mara moja kwa wiki. Masika hata usihangaike, kazi yako itakuwa kuzikinga na mvua.

Na wageni? Waonyeshe uani. Barazani weka kitu kinachopenda kivuli.

*Salaam Shangazi. Mimi ni seremala hapa Dodoma. Nilipanda portulaka mbele ya karakana, asubuhi zinapendeza sana. Ikifika alasiri zimefunga zote, zimenywea kama karatasi iliyofinyangwa. Siku ya mawingu hazifunguki kabisa. Mke wangu anasema ni mchwa, nami nimeshanunua dawa. Nimwage? — Fundi*

Usimwage, fundi. Rudisha hiyo dawa dukani kama watakubali.

Ua la portulaka huishi siku moja tu. Linafunguka jua likishika, linafunga mchana ukisonga, na lililofunga halifunguki tena. La kesho ni jingine, tumba lake liko pembeni. Kwetu Tanga marehemu mama aliyaita maua ya saa nne, maana saa nne asubuhi ndipo uwanja wote unapowaka. Sisi watoto tulitumwa kuangalia kama yamefunguka ili tujue kama muda wa kwenda sokoni umefika. Siku ya mawingu tulichelewa sokoni, na tukachapwa kwa kosa la maua.

Kesho ikifika saa nne jaribu kitu. Chukua njiti nyembamba uguse kwa upole zile nyuzi za katikati ya ua zenye chavua. Subiri kidogo utaziona zinainamia upande ulioguswa. Ndivyo zinavyompaka nyuki chavua anapoingia. Dawa yako ingemkuta huyo nyuki, si mchwa. Mchwa, fundi, wanatafuta mbao zako.

Dodoma mna bahati: mvua za msimu mmoja, jua la kutosha, udongo unaopitisha maji. Tandaza kokoto ndogo kuzunguka mashina ili udongo usipasuke, maana mizizi ya portulaka haiendi chini sana. Ukitaka mbegu usikate maua yaliyonyauka. Baada ya muda utaona vikopo vidogo. Kikikauka, kifuniko chake hubanduka chote kama mfuniko wa sufuria, na ndani kuna mbegu za kijivu ndogo mno kama vumbi la msasa wako. Tandika karatasi chini, kung'uta. Wakati wa kupanda usizifukie, zinahitaji mwanga ili ziote. Zibonyeze tu juu ya udongo uliolowa. Ila usiniulize mbona nyekundu imezaa waridi. Nyuki hachagui. Ukitaka rangi ile ile, kata kipandikizi.

*Shangazi, shikamoo. Nafanya kazi nyumba ya wageni pwani ya mashariki ya Unguja. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Portulaka zinakuwa za njano ncha mpaka zinakauka. Bosi anataka njia ya kwenda ufukweni ifunikwe na kitu chenye maua. — Kijana wa bustani*

Marahaba. Usishindane na kisima. Maji yakishakupwa, tembea juu kidogo ya mstari wa mwani mkavu, utaona mmea unaotambaa juu ya mchanga: mashina mekundu-mekundu, majani manene yanayong'aa, na vijiua vya zambarau iliyopauka kama nyota. Wataalamu wanauita Sesuvium portulacastrum. Huo umezaliwa na chumvi. Kila pingili inayogusa mchanga inaweza kutoa mizizi, kwa hiyo vipande vya urefu wa mkono vilivyolazwa na kufukiwa nusu vinatosha.

Mwambie bosi wako ukweli mapema kwamba maua yake ni madogo, hayatakuwa zulia la rangi kama kwenye picha za simu. Atapata kijani cha mwaka mzima na vijiua hapa na pale. Na using'oe zulia zima la ufukweni. Chukua vipande vichache kutoka sehemu mbalimbali, maana ndio unaoshikilia ule mchanga. Portulaka zako zibakize tatu kwenye vyungu mlangoni, uzipe maji ya mvua uliyokinga.

*Shangazi, huku Njombe kuna sakitu. Nifanye nini? — Mwalimu*

Mwalimu, sakitu ikipiga portulaka asubuhi unakuta ugali wa kijani. Ipande kama maua ya msimu tu, baridi likiisha, na uweke mbegu za mwaka unaofuata. Kwa mteremko wa kudumu tafuta ile yenye majani madogo mfano wa moyo na maua ya waridi iliyokolea kama vibrashi, asili yake Afrika Kusini. Wengine huiita aptenia. Inavumilia baridi zaidi kidogo kuliko portulaka, na hata ikiungua ncha mara nyingi huchipua. Usiku wa Juni na Julai unaotarajia sakitu, ifunike na nyasi kavu, asubuhi uondoe.

*Shangazi, bibi yangu aliona portulaka zangu akasema kwao ni mboga. Ni kweli? Nina kuku na mbuzi pia. — Binti wa Muheza*

Bibi anamfahamu binamu wa portulaka yako, si huyu. Mboga ni tako la hasani, lile linaloota lenyewe kwenye matuta ya mchicha: majani bapa kama kijiko kidogo, maua ya njano madogo hata huyaoni. Ya kwako ina majani ya sindano na maua makubwa. Ila angalia, siku hizi kuna portulaka za maua makubwa zenye majani bapa, kwa hiyo usiamini jani peke yake, tazama na ua. Ya kununua usile, hujui muuzaji aliipulizia nini kitaluni. Mbuzi naye mzuie, mmea huu una kemikali iitwayo oksaleti, akila nyingi anaweza kuumwa. Kuku wangu mimi hawazili, wanazifukua tu na kuoga vumbi mahali pake, na hiyo ni hasara kubwa zaidi. Nimeishia kuzungushia wavu.

Tako la hasani la bibi lichemshe kidogo, mwaga maji ya kwanza, kisha utie kitunguu na tui la nazi zito. Likiwa jingi, mabasi ya Muheza yanakuja Dar kila siku.