Sangara, Dagaa na Mabondo katika Jedwali Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Musoma aliniandikia akiuliza kama ni busara kuongeza safu (ya wima) katika kanzidata kila mteja wake anapoleta aina mpya ya bidhaa. Namjibu hapa, kwa kuwa suala hilo ndilo lililonipatia jina, na ndilo lililonikosanisha na watu.

Mfanyabiashara mmoja wa samaki, anayenunua mwaloni Kirumba, Mwanza, alitaka mfumo wa kumbukumbu za manunuzi. Sangara huandikwa kwa kilo na urefu, maana asiyefika sentimita 50 haruhusiwi. Dagaa huandikwa kwa ndoo, na kama walianikwa mchangani au kwenye chanja. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, hupangwa kwa madaraja kulingana na uzito wa bondo moja moja. Nilipendekeza jedwali moja lenye safu chache zisizobadilika, yaani tarehe, muuzaji, bidhaa, kiasi, kipimo na bei, kisha safu moja ya jsonb (aina ya safu inayobeba jozi za jina na thamani, kila mstari na zake), ambayo PostgreSQL, programu ya kanzidata, inayo tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, ibebe sifa zilizobaki. Msimamizi wa ofisi akaniambia mbele ya watu kwamba hilo ni jalala, na kazi akapewa mwingine. Nilipoitwa tena mwezi jana, kila sifa ilikuwa na safu yake, na mstari wa dagaa ulikuwa mtupu karibu wote. Sikusema neno, ingawa nilikuwa nalo.

Wapo wanaoivunja kila sifa iwe mstari wake katika jedwali la pembeni. Hapo namba na maneno huhifadhiwa yote kama maandishi, na ripoti ndogo tu hulazimu kuliunganisha jedwali hilo mara nyingi.

Mdogo wangu, kila unachojumlisha au kukilipia kiwe na safu yake. Kipimo usikitupe ndani ya jsonb hata ukibembelezwa. Nimeona “kilo”, “Kilo” na “kg” kwa mnunuzi yule yule, na jumla ya siku ikatoka pungufu. Kwa sifa zinazotafutwa mara chache, faharasa ya GIN, inayoharakisha utafutaji ndani ya jsonb, inatosha. Sifa ikianza kuulizwa kila siku, kama urefu wa sangara, tangu toleo la 12 unaweza kutengeneza safu ya namba (aina ya STORED) inayojijaza yenyewe kutoka kwenye jsonb. Kama kuna karani aliyeandika “50 sm” badala ya 50, amri itagoma hapo hapo, nawe utajua pa kuanzia usafi.