Ukipewa skripti ya filamu ya kutisha uigeuze riwaya

Tangu nimalize riwaya niliyoitunga kutokana na filamu ya vijana wa hapa Ujiji, wenzangu wanaoandika simulizi kwenye magrupu ya WhatsApp wananiuliza swali lile lile: ugumu uko wapi, wakati hadithi imeshatungwa na mtu mwingine? Wahusika umepewa, mwanzo na mwisho umepewa, hata maneno ya vinywani mwao umepewa. Kuna kazi gani zaidi ya kunakili?

Ugumu uko kwenye nafasi aliyonayo msomaji. Mtu aliyekaa kwenye kibanda cha video hana muda wa kuhoji. Muziki unapanda, msimulizi anapiga kelele, jirani amemmwagia karanga mapajani, na tukio limeshapita. Msomaji ameshika kitabu. Akihisi jambo halikai sawa anarudi kurasa mbili nyuma kulitafuta, na akilipata basi hofu yote imemtoka. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuyaona matundu ya hadithi kabla yake, uyazibe, na usimharibie mwenye hadithi hadithi yake.

Aliyenifundisha hili ni Isaac Asimov, mwandishi wa hadithi za kisayansi ambaye pia alikuwa mwanabiokemia huko Marekani. Alipewa skripti ya Fantastic Voyage, filamu ya mwaka 1966. Nyambizi yenye watu ndani inafanywa ndogo isionekane kwa macho, inadungwa mwilini mwa mwanasayansi ili wakaondoe damu iliyoganda kwenye ubongo wake, na wana dakika 60 kabla ya kila kitu kurudia ukubwa wake. Kwenye filamu nyambizi inamezwa na chembe nyeupe ya damu, watu wanatoka kupitia jichoni, mambo yameisha. Asimov akauliza: na nyambizi je? Hata ikisagwa, vipande vyake bado vimo mwilini, muda ukitimia vitakua, na mgonjwa mliyemwokoa atapasuka. Kwenye kitabu akawafanya wale watu waivute chembe nyeupe iwafuate mpaka nje, pamoja na mabaki iliyoyameza. Mwisho haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaaminika. Tena kitabu kilitoka kabla ya filamu, ndiyo maana mpaka leo wapo wanaodhani filamu ndiyo iliyotokana na kitabu.

Sasa njoo Kigoma. Skripti niliyopewa mimi ilihusu dude linalotoka majini, na ilianza na wavuvi wa dagaa katikati ya Ziwa Tanganyika, taa zinawaka, na mwezi mpevu umening'inia juu ya milima ya Kongo. Kwenye kamera inapendeza, sikatai. Lakini mpe ukurasa huo mtu wa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, asome, atakucheka. Dagaa huvuliwa gizani kwa sababu hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukijaa, taa hazina nguvu ya kuwavuta. Siku hizo wavuvi hukaa nchi kavu, wanashona nyavu na kukarabati mitumbwi. Nikampigia muongozaji.

"Dada, ule mwezi siutoi," akasema kabla sijamaliza. "Tumeshapiga picha."

"Usiutoe, mdogo wangu. Niambie tu, hawa watu wametoka kufuata nini?"

Hakuwa na jibu, na pale pale ndipo nilipoipata riwaya. Nahodha anadaiwa. Mwenye injini amempa mpaka Ijumaa. Wavuvi wote wamepumzika, yeye anawashawishi vijana watatu waende naye na hawaambii ukweli. Wanawake wanaoanika dagaa wanakaa ufukweni wanazungumza, mmoja anainua macho anaona taa mbali ziwani, katika usiku ambao hakuna mtu mwenye akili yake anayewasha taa huko. Hofu ikaanzia nchi kavu, dude lenyewe bado halijatajwa. Na ukiitazama filamu baada ya kusoma, hakuna sekunde hata moja iliyoguswa.

Nasisitiza hili kwa sababu waandishi wengi wakikuta kosa kwenye skripti wanakimbilia kufuta. Huna ruhusa hiyo, na mara nyingi utakuwa umetupa kitu kizuri. Mhusika anayefanya jambo lisilo na akili ni tatizo kwa mtengeneza filamu, lakini kwa mwandishi ni mtu mwenye siri. Mtafutie siri yake.

Tundu la pili lilikuwa la kisayansi. Dude linapanda kutoka sakafuni kabisa mwa ziwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake, na maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Ukishuka mita mia moja, mia mbili hivi, oksijeni imekwisha. Samaki haishi huko. Mwanafunzi yeyote anayelipenda somo la jiografia atauliza dude linapumua nini, na skripti ilisema lina matamvua yanayopanuka na kusinyaa. Bahati nzuri vazi la dude lilishonwa kwa godoro na matamvua yakabandikwa kwa gundi, hayakuwa na namna ya kucheza. (Vijana walijitahidi, bajeti ndiyo ilikuwa ile.) Kwenye riwaya nikamweka binti anayepima samaki mwaloni, analiona dude limejilaza juu ya maji, anatazama matamvua kwa mazoea ya kazi yake, na anagundua hayachezi kabisa. Halipumui, na bado linamtazama. Nimeambiwa na wasomaji kwamba hapo ndipo walipofunga kitabu wakawasha taa.

Ushauri mwingine ni kuhusu kulieleza dude. Usilieleze sana, hata kama una picha zake zote kwenye simu. Alan Dean Foster, mwandishi wa Marekani, alipoandika riwaya ya filamu ya kutisha ya Alien, iliyotoka mwaka 1979, studio ilikataa kumwonyesha kiumbe cha filamu hiyo kilivyo. Ikabidi aandike akikwepa kukichora, na kitabu kinatisha vile vile. Yeye alilazimishwa, wewe fanya kwa hiari. Mimi nilitaja harufu, uzito wa mtumbwi ulipoinama upande mmoja, na matamvua. Meno nimewaachia wenye godoro.

Skripti yenyewe itabadilika ukiwa unaandika, usigombane na mtu. Kitabu cha King Kong kilitoka Desemba 1932, filamu ikafuata Machi 1933, na meli iliyomo kitabuni inaitwa Wanderer wakati ya kwenye filamu ni Venture. Hakuna aliyekufa. Hakikisha tu skripti uliyopewa ina tarehe juu yake, na ubaki na nakala, ili mtu akikuuliza mbona shangazi yupo kwenye kitabu na kwenye filamu hayupo, uwe na cha kumwonyesha.

Na fedha? Hapa sitanii. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kuigeuza kazi kuwa kazi ya namna nyingine ni ya mwenye hakimiliki. Maana yake bila ruhusa yake huna kitabu, una karatasi. Ipate kwa maandishi, na maandishi hayo hayo yaseme unalipwa nini: kiasi kimoja ukishakabidhi, au asilimia kwa kila nakala, au vyote viwili. Yaseme pia jina la nani linakaa kwenye jalada. Huyo huyo Foster ndiye aliyeandika kitabu cha Star Wars kilichotoka mwishoni mwa 1976, miezi kabla ya filamu, na jalada likabeba jina la George Lucas, mwenye filamu. Hilo alilikubali tangu mwanzo. Ambalo hakulikubali ni la baadaye: mwaka 2020 yeye na chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi cha Marekani walilalamika hadharani kwamba baada ya kampuni zenye filamu alizoziandikia kununuliwa na Disney, mrabaha wake ulikoma kuja.

Hiyo ni Marekani, kwenye wanasheria kila kona. Kwetu filamu inauzwa kwa msambazaji wa Dar es Salaam kwa simu moja, nawe uko Mwanga, hapa Kigoma, unasubiri ujumbe wa malipo. Kwa hiyo kwenye mkataba wetu niliandika mwenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba atakayeinunua filamu ameinunua pamoja na deni ninalodai. Muongozaji alisoma, akacheka, akatia saini. Mpelekee wako sentensi hiyo kabla hujaandika sura ya kwanza, maana ukishamkabidhi sura zote kumi na mbili hatakuwa na haraka ya kuisoma.

Wale mnaotaka kuandika riwaya za filamu za Kimarekani mlizozipenda, andikeni kwa mazoezi, ila msiziuze. Ulizeni vijana wenye kamera mtaani kwenu. Hapa Kigoma nawajua kadhaa wana skripti za kutisha ndani ya simu zao, na hakuna aliyewahi kuwaomba kuzisoma.