Hilux inagonga "ko!" kila nikiondoka: je, ni kweli difu imekwisha?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Hilux dabo kabini ya mtumba, ya dizeli, gia za mkono, foo wili. Nabebea viazi kutoka Ilembo kushuka Mbalizi, na siku nyingine nafika nayo Mwanjelwa, mjini Mbeya. Kila nikiachia klachi niondoke, chini inagonga "ko!". Nikiachia mafuta kwenye mteremko halafu nikakanyaga tena, inagonga vilevile. Kwenye lami, kuanzia spidi ya 60, haigongi wala haivumi, ila sakafu inatetemeka kidogo. Aliyeniuzia alishaongeza springi nyuma. Fundi wa mtaani kwetu aliipiga jeki nyuma, akazungusha propela kwa mkono, akasema inacheza sana, difu imekwisha, nitafute nyingine ya mtumba. Nimeshaanza kukusanya hela. Nifanye hivyo? Msomaji wako, Umalila.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hiyo hela itunze kwanza. Kwa maelezo yako, difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli) naiweka mwisho kabisa, na kipimo alichotumia huyo fundi hakiwezi kuthibitisha alichokuambia.

Reli ya TAZARA inapita Mbeya, kwa hiyo hili utalielewa haraka. Treni ya mizigo ikianza kuondoka, mabehewa hayavutwi yote kwa mpigo mmoja: kila kiungo kina ulegevu wake, na unasikia mgongano unapita kutoka behewa moja hadi jingine. Kwenye pikapu yako, kutoka klachi hadi tairi la nyuma, nguvu inapita kwenye meno ya gia boksi, transfa (boksi la foo wili), krosi (viungo vya umbo la msalaba) za propela, ile shafti ndefu ya chini, meno ya pinioni na kraun wili (gia ndogo na gia kubwa za difu), gia ndogo za ndani ya difu, na meno ya ekseli. Kila meno yanapokutana pana mwanya, na lazima uwepo ili oili ipite. Ukikanyaga mafuta, mianya yote inafungwa upande mmoja. Ukiachia, inafungwa upande wa pili. Gari jipya linafanya hivyo bila wewe kusikia. Gari lililobeba lumbesa miaka mingi, utasikia.

Sasa tazama kipimo cha fundi wako. Mwanya kati ya pinioni na kraun wili kwenye difu za aina hii ni mdogo sana, karibu milimita 0.13 hadi 0.18. Lakini propela inazunguka takriban mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, hivyo ulegevu wowote wa upande wa matairi, hata wa meno ya ekseli peke yake, ukifika kwenye mkono wako umeshazidishwa mara nne. Tena gari likiwa juu ya jeki, matairi yananing'inia na yanazunguka pamoja na propela. Hapo mtu hajui anachokishika ni ulegevu au ni tairi linalojisogeza. Propela kucheza kidogo kwa mkono ni hali ya kawaida ya kila pikapu iliyotembea.

Difu iliyokwisha kwa kawaida inavuma. Unaisikia lami inapokuwa nzuri, sauti ya "uuuu" inayobadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia. Wewe umesema haivumi. Badala yake umenipa mambo mawili yenye uzito: mtetemo kuanzia 60, na springi zilizoongezwa. Yote mawili yananipeleka kwenye propela na viungo vyake, na kwenye yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi.

Kabla hujaingia chini, fanya jambo moja ukiwa barabarani. Angalia kama mtetemo ni mkali zaidi gari likiwa tupu au likiwa na mzigo. Springi zikiongezwa, mkia wa gari unapanda, na pembe kati ya propela na pua ya difu inabadilika. Krosi inalazimika kufanya kazi ikiwa imepinda kuliko ilivyokusudiwa. Gari likibeba viazi, mkia unashuka na pembe inarudi karibu na ile ya kiwandani. Kwa hiyo likitetemeka unapopanda Ilembo bila mzigo na likatulia ukishuka na mzigo, tatizo la pembe lipo. Likitetemeka sawasawa hali zote mbili, angalia zaidi krosi, senta beringi, au propela yenyewe kukosa uwiano.

Haya, ingia chini. Hilux iko juu ya kutosha, huhitaji jeki, na kwa kazi hii jeki inakuharibia kipimo. Egesha mahali tambarare, zima injini, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele yote mawili, kisha ndipo uweke nyutro na kuachia handibreki. Usipange kinyume, kwa sababu gari likishakuwa nyutro linashikiliwa na hayo mawe tu.

Anza na krosi ya nyuma, ile iliyo jirani na difu. Mulika tochi kwenye vile vikombe vinne vinavyofunika ncha zake. Ukikuta unga wa rangi ya kutu umechuruzika pembeni mwa kikombe kimoja, umeshapata jibu kubwa: grisi iliisha, maji yakaingia, na sindano za beringi zilizo ndani zinasagika. Shika upande wa propela kwa mkono mmoja na upande wa difu kwa mkono wa pili, zungusha kinyume. Kisha ingiza mtaimbo mdogo, nyanyua juu na chini. Kwenye krosi hakuna kucheza kidogo kunakoruhusiwa, ikicheza, inatolewa. Rudia kwa krosi ya kati na ya mbele, na usiisahau propela fupi inayokwenda difu ya mbele.

Dabo kabini nyingi za namna hii zina propela ya vipande viwili, na katikati kuna senta beringi iliyokaa ndani ya mpira. Mpira ukichanika, kila ukiondoka propela inaruka na kugonga bano lake, na mlio unatoka chini ya kiti cha nyuma. Isukume juu kwa mkono. Ikipanda kwa urahisi na mpira unaonyesha nyufa zilizopita ndani, ibadilishe.

Pale propela inapoingia na kutoka kwa meno pana nipeli (kichuchu cha kupigia grisi), na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Meno yakikauka yananata, halafu yanaachia kwa kishindo. Dalili yake ni kugonga mara moja unaposimama, au mara tu unapoondoka baada ya kusimama, kwa mfano kwenye foleni ya Mafiati. Tia grisi hapo kwanza kabla ya kununua chochote, kwa kiasi, ukiacha inapoanza kutokeza, kwa sababu ukijaza kupita kiasi propela inakosa nafasi ya kurudi ndani. Kwenye krosi ni tofauti: piga hadi grisi mpya itoke vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa ndicho kitakachokufa mapema.

Sasa difu yenyewe. Shika flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, jaribu kuipandisha na kuishusha, kisha ivute na kuisukuma. Kuzunguka kidogo ni sawa. Kupanda na kushuka, au kuingia na kutoka, si sawa hata kidogo. Hapo beringi za pinioni zimelegea na fundi wako atakuwa amepatia, ingawa kwa njia isiyo sahihi. Ikiwa ndivyo, usikubali mtu akaze ile nati kubwa kwa nguvu zake zote kisha akuambie imepona. Difu nyingi za namna hii zina bushi ya kubonyea kati ya beringi, na nati inakazwa kwa kipimo maalumu. Ukizidisha, beringi zinabanwa, zinachemka na zinakufa.

Halafu kagua oili. Fungua kwanza nati ya juu ya kujazia, ndipo ufungue ya chini ya kumwagia. Nimeona watu wakimwaga oili yote halafu nati ya juu imegoma, gari likabaki halina oili mahali pasipo na spana ya kusaidia. Futa sumaku iliyo kwenye nati ya chini kwa kidole. Ute wa kijivu, laini unapousugua kati ya vidole, ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuokota kwa kucha ni meno au beringi, na hiyo ndiyo sababu halali ya kufungua difu. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa maji, kwa hiyo angalia kipumulio juu ya ekseli kama kimeziba au kimeng'oka. Unaporudisha, tia oili ya difu yenye alama ya GL-5, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Kitu ninachokitilia mashaka kama krosi, kwa sababu ya historia ya gari lako, ni yubolti. Aliyeongeza springi aliongeza unene wa bando la springi. Je, aliweka yubolti ndefu zaidi, au alizivuta zile za zamani hadi nati ikashika nyuzi chache tu? Na je, kuna aliyezikaza tena gari lilipokwisha kubeba mzigo mara kadhaa? Springi mpya zinajilaza, na yubolti zinalegea. Chungulia pale ekseli inapokaa kwenye springi. Chuma kilichong'aa kwa kusuguana, au mstari wa kutu mbichi kuzunguka bamba, maana yake ekseli inatembea. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya ekseli hadi pini ya mbele ya springi, kulia na kushoto. Zikitofautiana waziwazi, huenda sentabolti (bolti ya katikati ya springi) imekatika, na hilo gari lisibebe kitu hadi lirekebishwe. Mlio wake unafanana kabisa na wa propela, wala usione ajabu mtu kubadilisha krosi zote na kelele ikabaki.

Ili kutenganisha hayo mawili, mwambie dereva unayemwamini aketi ndani, akanyage breki barabara, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo mpaka gari litake kusogea, kisha aibonyeze. Halafu arudie kwa rivasi. Wewe simama ubavuni, mbali kidogo, si mbele, si nyuma, wala si chini. Tazama ekseli inavyojipinda kwenye springi. Kisha fungua boneti mrudie: injini ikinyanyuka upande mmoja na kudondoka, maunti (mipira inayoshikilia injini) zimekatika, na "ko!" yako inatoka huko.

Jambo jingine dogo. Ukitoka kwenye tope la Umalila na foo wili imeingia, itoe kabla hujakanyaga lami ya Mbalizi. Hilux ya namna hii haina difu ya kati. Kwenye lami matairi ya mbele na ya nyuma yanavutana, propela zinajikaza, na ukikata kona zinaachia kwa kishindo. Ikigoma kutoka, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, itaachia.

Kama ni krosi, nenda dukani na ile ya zamani mkononi, mpime kipenyo cha kikombe na urefu, msitegemee jina la gari peke yake. Kabla ya kufungua propela, piga alama ya rangi kwenye flenji zote na kwenye kipande kinachoteleza, ili irudi ilivyokuwa; ikirudishwa jino moja pembeni, utapata mtetemo ambao hukuwa nao. Vikombe viingizwe kwa vaisi, visipigwe nyundo. Sindano moja tu ikianguka ndani, kikombe hakifiki mwisho na klipu ya kukizuia inakataa kuingia. Klipu ikikataa, usimruhusu mtu ailazimishe.

Krosi ikiwa inacheza kwa kuonekana, usishuke na mzigo kutoka Ilembo. Propela ikikatika upande wa mbele inaweza kujichomeka barabarani na kunyanyua gari, na ikikatika popote, injini haikusaidii tena kushikilia mteremko. Unabaki na breki peke yake na viazi mgongoni.

Na kama baada ya yote haya pinioni inacheza, au umeokota vipande vya chuma kwenye oili, basi tafuta difu, lakini sikiliza hili vizuri. Gari lako ni foo wili. Uwiano wa difu ya nyuma lazima ulingane na wa mbele. Difu za Hilux zinafanana kwa nje na zinaingia kwenye ekseli moja huku idadi ya meno ikiwa tofauti. Ukifunga isiyolingana, siku utakayoweka foo wili utapasua transfa au difu ya mbele. Namba ya ekseli ipo kwenye bamba la utambulisho la gari. Inakili, kisha hesabu meno ya kraun wili na ya pinioni kwenye difu unayouziwa kabla hujalipa. Muuzaji asipokubali uhesabu, ondoka.

Jumamosi kabla ya kupakia, anza na krosi ya nyuma na yubolti. Niandikie ulichokiona kwenye vikombe na kwenye sumaku.