Mali ibaki kijijini: majibu kwa maswali ya wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka kwa wakulima, mweka hazina wa kikundi, mwenye mashine ya kusaga na diwani. Ingawa kila mmoja ameuliza la kwake, karibu yote yanahusu mali inayozalishwa kijijini: nani anaishika, nani anaiamulia, na kwa nini huondoka kabla haijamfaa aliyeitolea jasho.

Swali: Kila mavuno tunauza nafaka kwa bei ya kutupa, kisha miezi michache baadaye tunanunua nafaka hiyohiyo kwa bei ya juu. Tuanzie wapi?

Wengi hukimbilia kujenga ghala, lakini mimi ningeanza na ukaushaji. Mkulima hauzi mapema kwa sababu hajui hesabu. Anauza kwa sababu deni la mbolea, ada ya shule na hofu ya wadudu vimemfikia kwa wakati mmoja, na ghala tupu lenye bati zuri haliondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa upande wa mahindi, kipimo cha kuanzia hakihitaji fedha. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tieni punje hadi theluthi, ongezeni vijiko vichache vya chumvi kavu, fungeni, tikiseni kwa dakika moja hivi, kisha iacheni itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo yarudishwe juani kwenye turubai. Isipoganda, mmepiga hatua, ila kwa mifuko isiyopitisha hewa lengeni karibu asilimia 13. Mifuko hiyo hufanya kazi kwa sababu wadudu waliofungiwa ndani humaliza oksijeni na kufa, kwa hiyo kila mnapoifungua mnawarudishia pumzi. Nafaka iliyofungwa ikiwa mbichi huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, ikishaingia haiondoki kwa kupika.

Ukaushaji ukishakuwa mazoea, ndipo ghala la pamoja lenye stakabadhi linapoleta maana. Mkulima anaweka mzigo, anapewa hati ya kiasi na daraja, na hati hiyo inakuwa dhamana ya mkopo mdogo wa kumvusha hadi bei ipande. Kubalianeni mapema kwa maandishi kuhusu mizani, upungufu wa uzito unaoruhusiwa, na nani anashika funguo, kwa kuwa maghala mengi ya ushirika hufa kwa kutoaminiana hata pale nafaka ilipohifadhiwa vizuri.

Swali: Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimeahidiwa mkopo mkubwa kutoka nje. Tuupokee?

Mama mweka hazina, ushauri wangu ni kwamba msiupokee bado. Mfumo mnaoutumia, wa wanachama kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko, ulianza kuenezwa mwaka 1991 na shirika la CARE miongoni mwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, na nguvu yake haikutokana na wingi wa fedha. Kasha lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa wanachama watatu, anayelitunza kasha hana hata ufunguo mmoja, na fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Mwanachama anayekopa anaitazama akiba ya jirani yake ikihamia mikononi mwake, na heshima hiyo ndiyo inayomfanya arejeshe.

Fedha ya mgeni haina uso. Mara nyingi mkopo mkubwa unapoingia mapema, watu hukopa zaidi ya mzunguko wa biashara zao, marejesho huchelewa, na kikundi kilichodumu kwa miaka huvunjika kwa sababu ya deni ambalo hakikulihitaji. Mkishakuwa na mizunguko kadhaa iliyofungwa bila deni chechefu, yaani lisilorejeshwa kwa wakati, na mna orodha ya wanachama ambao biashara zao zinakwama kwa ukosefu wa mtaji tu, ombeni kiasi kinacholingana na mahitaji hayo, na kitunzeni katika daftari lake, mbali na akiba yenu.

Swali: Ninataka kutumia sola kuendesha mashine ya kusaga na pampu ya maji. Inawezekana?

Inawezekana, ila usiviweke viwili hivyo kwenye hesabu moja. Mota inapowashwa moja kwa moja inaweza kuvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishashika kasi, na ndiyo maana mitambo iliyopimwa kwa matumizi ya kawaida tu hujizima kila mashine inapowashwa. Muulize fundi kuhusu kidhibiti kinachoianzisha mota taratibu, na upange kusaga saa za jua kali ili usitegemee betri. Kwa pampu, weka fedha yako kwenye tangi lililoinuliwa badala ya betri, kwa kuwa maji yaliyopandishwa mchana yatashuka yenyewe usiku.

Swali: Kampuni ya umeme inasema sisi ni wachache na tuko mbali, kwa hiyo laini haitalipa. Ni kweli?

Kwa vitabu vya kampuni, huenda ni kweli, lakini hicho si kipimo pekee. Wakulima wa Marekani waliambiwa maneno hayohayo, na katikati ya miaka ya 1930 ni takribani kaya moja ya shambani kati ya kumi iliyokuwa na umeme. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda mamlaka ya umeme vijijini, na sheria ya mwaka 1936 ikaimarisha mikopo ya muda mrefu yenye riba nafuu, ambayo kwa sehemu kubwa ilichukuliwa na vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 karibu mashamba tisa kati ya kumi yalikuwa na umeme. Umbali wa nyumba haukubadilika. Kilichobadilika ni sera ya mikopo na mwenye laini. Peleka hoja hiyo kwa mbunge wako, ukiambatanisha orodha ya mashine, visima, zahanati na karakana zitakazotumia umeme mchana.

Swali: Kampuni inataka kukodi shamba langu kwa mitambo ya upepo. Nitie saini?

Usitie saini siku uliyoletewa karatasi. Mikataba ya aina hii mara nyingi hudumu miaka 20 au zaidi, yaani mwanao ndiye atakayeishi nayo. Mwanasheria wako, si wa kampuni, aangalie kama malipo yana kiwango cha chini hata upepo ukipungua, nani atang'oa misingi ya zege mwishoni, na kama mkataba unaweza kuuzwa kwa kampuni nyingine bila ridhaa yako. Zungumzeni na majirani kabla kila mmoja hajabanwa peke yake.

Swali: Vijana wanaondoka. Halmashauri inaweza kufanya nini?

Mheshimiwa diwani, kuondoka kwenyewe si kosa. Linaloumiza ni kijana aliyepata ujuzi kukosa pa kurudia. Halmashauri yenu tayari ni mnunuzi mkubwa: inanunua madawati, chakula cha shule, ukarabati na usafiri. Gawanyeni zabuni hizo katika vipande ambavyo fundi mwenye karakana ndogo anaweza kuvimudu, na mlipe kwa wakati, kwa sababu ankara iliyokaa miezi sita mezani huua biashara changa haraka kuliko kodi.

Jimbo la Kerala, nchini India, lilianza mwaka 1996 kuzikabidhi serikali za mitaa kati ya asilimia 35 na 40 ya fedha za mpango wa maendeleo, na wanakijiji wakajadili vipaumbele katika mikutano ya wazi. Ninyi hamhitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza. Kabla ya kikao kijacho cha bajeti, bandikeni kila kijiji orodha ya miradi ya mwaka uliopita, kiasi kilichotengwa, kiasi kilicholipwa na jina la aliyepewa kazi, kisha iteni mkutano saa ambayo wanawake na vijana wanaweza kuhudhuria.